Mwingereza wa Voi na Deni la Majina

Kila Desemba Voi huwa mji wa kupitia. Treni ya SGR, iliyoanza safari zake mwaka 2017, hushusha watu wa Nairobi na Mombasa na masanduku yao, magunia yao, na watoto wanaoulizwa njia nzima kama bado wanaikumbuka nyumba ya bibi. Kwenye steji, matatu za Wundanyi, Mbale, Bura na Taveta hujaa asubuhi na mapema. Nauli hupanda, watu hulalamika, na bado hulipa. Ifikapo mkesha wa Krismasi mji umepungua. Waliobaki ni polisi wa zamu, wauguzi, walinzi wa maduka, na wachache ambao kwao hakufikiki kwa matatu.

Miongoni mwa hao wachache wamo Waingereza. Si wengi kama walioko Watamu au Nanyuki, lakini wapo: waliokuja kwa kazi ya miaka miwili wakazeeka hapa. Desemba huwashika pabaya. Wanaikumbuka kwao kwa uchungu, na papo hapo wanatushukuru sisi tuliowapa pa kukaa. Shukrani hiyo ndiyo ninayotaka ijadiliwe, maana tumezoea kuipokea kwa makofi bila kuuliza imebeba nini ndani yake.

Nimeupanga mjadala huu kwa sauti tatu, nilizoziunda mwenyewe kutokana na mabishano ya hapa kwetu. Mwalimu ni mama mstaafu wa Mbololo; binti yake ni muuguzi Uingereza. Kijana ni fundi wa pikipiki mjini Voi, mzaliwa wa Rukanga, Kasigau. Wa tatu ni Mwingereza mwenyewe, aliyekuja kufundisha hesabu akabaki. Pale nitakaposhindwa kunyamaza, nitaingilia.

MWALIMU: Nitaanza kwa kumtetea, kwa sababu namjua. Kila mwisho wa Novemba humwomba muuza nyama amtolee mafuta ya figo ya ng'ombe, yale ambayo wengi hapa hatuna kazi nayo. Huyakunakuna hadi yawe laini, akachanganya na zabibu kavu, sukari, mayai, chenga za mkate, mdalasini, karafuu na kungumanga, kisha akafunga donge lote kwenye kitambaa na kulichemsha juu ya jiko la makaa mchana kutwa, akiongeza maji kila yanapopungua. Jua la Voi linawaka, jasho linamtiririka, lakini haachi. Kwao pudini hiyo hupikwa wiki kadhaa kabla ya Krismasi, na kila mtu wa nyumba hushika mwiko akakoroga huku akiomba jambo moyoni. Yeye hana mtu wa nyumba, basi huwaita watoto wa jirani wakoroge. Mtu wa namna hii unamdai nini tena?

KIJANA: Shikamoo, Mwalimu. Kwa pudini sina neno. Neno langu liko kwenye maneno anayoyasema siku ya Krismasi, watu wakishamaliza kula. Kila mwaka husimama akasema watu wa Taita ni wakarimu, nchi ni nzuri, amani ni tele, naye anashukuru. Halafu huanza kusimulia ya kwao. Hapo ndipo nilipomsikiliza vizuri. Anataja jina la mtaa, jina la mwenye duka kwenye kona, jina la mbwa wa jirani, jina la mwalimu wa kwaya aliyekuwa akikohoa kabla ya kila wimbo. Ya kwao yote yana majina. Ya kwetu sisi ni "watu", ni "nchi". Miaka yote hii, Mwalimu, kwake sisi bado ni "watu".

MWINGEREZA: Naomba kujibu, na nitajibu kwa ukweli. Nilipokuwa kijana kwetu, sikumkumbuka mwenye duka huyo hata mara moja. Nilipomwacha ndipo alipoanza kunijia. Huku Desemba jua liko utosini na mbuga yote imepata majani baada ya vuli. Kule saa kumi jioni giza limeshaingia na taa zimewashwa. Baba yangu alikuwa akifungua redio saa tisa alasiri tumsikilize mfalme, baadaye malkia. Saa hiyo ya kwetu ni saa kumi na mbili jioni hapa Voi. Kila mwaka, ikifika saa kumi na mbili, mwili wangu unajua. Siwezi kuuzuia. Na ninaposema asante kwa watu wa Taita, nasema kwa wote kwa sababu nikianza kutaja mmoja mmoja nitamsahau mtu na kumkosea.

Hapa naingilia mara ya kwanza, kwa sababu ya hiyo redio. Hotuba ya Krismasi ya mfalme wa Uingereza ilianza mwaka 1932, siku chache tu baada ya BBC kufungua matangazo yake ya himaya kwa masafa mafupi. Mfalme George wa Tano aliketi Sandringham akasema na Waingereza waliotawanyika duniani, na saa tisa ilichaguliwa kwa kuwa ndiyo iliyofaa kuwafikia walioko mbali. Kwa hiyo ile hamu ya nyumbani inayompata mzee wetu saa kumi na mbili jioni ilitayarishiwa chombo chake tangu mwanzo: mtu wa mbali aketi, asikilize, ajue kwamba amekumbukwa. Maneno ya hotuba ile ya kwanza yaliandikwa na Rudyard Kipling. Kipling huyo huyo ndiye aliyetunga maneno yaliyochongwa kwenye sanamu ya askari na wapagazi pale Nairobi, iliyosimamishwa miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Sanamu hiyo inawaambia waliokufa kwamba majina yao yatakumbukwa. Hakuna jina hata moja lililoandikwa hapo. Mwandishi mmoja, kalamu moja: upande mmoja alimpa Mwingereza wa mbali sauti ya mfalme sebuleni mwake, upande wa pili akawapa wapagazi ahadi juu ya jiwe.

KIJANA: Hilo ndilo ninalolisema, na ushahidi wake uko hapa hapa mjini. Kuna makaburi ya vita Voi, yametunzwa, nyasi zimekatwa. Amelala pale Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Melbourne. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, alijeruhiwa mguu, akaomba aachwe nyuma na majeruhi wenzake akitumaini kuwaokoa, akauawa. Walimpa nishani ya Victoria Cross. Sina ubishi na ushujaa wake. Ana jina, ana tarehe, ana jiwe. Sasa reli iliyojengwa kutoka Voi kwenda Maktau mwaka huo huo, ili jeshi lifike Taveta na kupigana Salaita Februari 1916, ilijengwa kwa mikono ya nani? Mizigo ilibebwa na vichwa vya nani? Wapagazi walikufa makumi ya maelfu katika vita vile, wengi kwa njaa na kuhara. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

MWINGEREZA: Mimi huenda pale makaburini kila Novemba, na tena mkesha wa Krismasi. Hupita jiwe kwa jiwe nikisoma majina kwa sauti.

KIJANA: Basi kusoma majina unajua, mzee.

MWALIMU: Mwanangu, punguza makali. Ukitaka kumpima Mwingereza wa Taita, mpime pamoja na wenzake waliomtangulia. J. A. Wray, mmisionari wa CMS, alipanda mlima wa Sagalla mwaka 1883. Haukupita muda njaa ya Mwakisenge ikaja, ile ya 1884 na 1885, na wako waliomnyooshea kidole kwamba ujio wake ndio uliofunga mvua. Angeweza kurudi kwao akamaliza. Mwaka 1894 kitabu chake cha kufunzia lugha ya Kitaita kilichapishwa. Leo akina mama kanisani huimba nyimbo za Krismasi kwa Kidawida, kwa sauti zilizotoka kule kule Uingereza, na huyu mzee wetu akizisikia macho yanamlenga machozi kwa sababu wimbo anaujua ingawa maneno hayajui. Tusiseme hakuna kilichokuja na watu hawa.

KIJANA: Sijasema. Nauliza tu: Wray alifundishwa lugha na nani? Kitabu kina jina moja kwenye jalada. Mtu haoti lugha usingizini. Kuna Msagalla aliyeketi naye siku baada ya siku, akamrudishia neno mara kumi hadi likae. Huyo alikuwa mwalimu kama wewe. Je, wewe, Mwalimu, huoni uchungu?

MWALIMU: Naona. Umenishika hapo.

(Nikiri kwamba nilimpa Kijana hoja hii kwa sababu inanikereketa mimi. Ukisoma vitabu vingi vya zamani vya lugha zetu utakutana na shukrani kwa "wenyeji waliosaidia", na mstari umekwisha. Waliosaidia hao ndio waliokuwa na elimu yenyewe.)

MWINGEREZA: Lakini niambieni, mimi nibebe nini? Babu yangu alipigana Ufaransa. Hakufika Kasigau, hakufika Taveta. Sikuchukua shamba la mtu. Nyumba ninayoishi nimepanga na kodi nalipa. Nikishukuru mnaniambia shukrani yangu ni fupi. Nikinyamaza mtasema sina adabu.

KIJANA: Sikubebeshi hatia, mzee wangu. Nataka ujue unashukuru juu ya nini. Kila mwaka unashukuru kwa amani ya nchi hii, na kwa kupokewa. Sisi wa Kasigau tunajua habari ya kutopokewa. Mwaka 1915 Wajerumani walivuka mpaka wakauteka mlima wetu. Waingereza wakasema wenyeji ndio waliowaonyesha njia. Vijiji vikachomwa, watu wakaswagwa hadi Malindi, wakawekwa huko kwenye joto na mbu wasiouzoea, malaria ikawamaliza wengi. Waliobaki hawakuruhusiwa kurudi mlimani kwao hadi miaka ya 1930. Karibu miaka ishirini, mzee! Wewe una hamu ya nyumbani na tiketi ya ndege unaweza kukata kesho. Mama wa bibi yangu alikuwa mtoto mdogo alipopelekwa Malindi. Yeye hamu yake ya nyumbani haikuwa na redio ya kuituliza.

MWINGEREZA: Sikuwahi kuambiwa hilo.

KIJANA: Hukuwahi kuuliza. Na usifikiri ni Kasigau peke yake. Ukitoka hapa kwa gari kwenda Nairobi unapita Manyani. Wewe hupaona kama lango la mbuga. Mwaka 1954 ilikuwa kambi, walifungiwa maelfu ya watu wakati wa Mau Mau, J. M. Kariuki akiwa mmoja wao, na typhoid ikaua. Hao nao walipitisha Krismasi zao humo.

Sauti mbili hizi zingeweza kugongana hivyo hadi usiku, kwa hiyo naingilia tena. Mfalme Charles alipokuja Kenya mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 2023, alieleza huzuni na majuto kwa maovu ya wakati wa ukoloni, ila hakuomba radhi. Miaka kumi kabla yake, Juni 2013, serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau. Ninaona tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili, na haitokani na fedha. Wale 5,228 walijulikana mmoja mmoja: kila mmoja alitoa ushahidi wake, kwa jina lake, kuhusu mwili wake. Majuto ya 2023 yalitolewa kwa jumla. Wengi waliyasikia, wachache walihisi kwamba wao ndio walioambiwa.

Ndiyo sababu nasimama upande wa Kijana katika dai lake kuu. Hamu ya nyumbani ina uaminifu mmoja ambao shukrani za wageni hazina: inajua majina. Haisemi "nilikuwa na majirani wazuri"; inamtaja jirani, kikohozi chake na mbwa wake. Mzee wa Voi akikumbuka kwao ni mtu makini mno. Akitushukuru sisi anakuwa mtu wa jumla. Nguvu ile ile ya kumbukumbu iliyohifadhi duka la utotoni mwake ingeweza kumhifadhi mama aliyemletea uji alipolazwa na malaria, kijana aliyemsukumia gari kwenye tope la Mwatate, mwenye nyumba aliyemngoja miezi miwili bila kodi. Anawajua wote. Hajawahi kuwataja akiwa amesimama, mbele ya watu.

MWALIMU: Nakubali, lakini nami nina langu. Binti yangu yuko mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Alipata nafasi baada ya serikali zetu kutia saini makubaliano ya wahudumu wa afya mwaka 2021. Usiku wa Krismasi yuko wodini. Akinipigia simu anauliza kila mtu wa Mbololo kwa jina, anauliza ng'ombe amezaa, anauliza kama nimepika kimanga, na nikimwambia ndiyo ananyamaza kidogo. Nikimuuliza habari za huko ananijibu, "Hawa watu, mama, ni wazuri tu." Hawa watu! Yeye pia. Kwa hiyo Mwingereza hana kasoro ya peke yake. Mtu akiwa ugenini moyo wake wote uko alikotoka, na pale alipo anapaona kwa mbali hata kama amepakanyaga kila siku. Ninavyomtendea mzee huyu ndivyo ninavyomwomba Mungu mwanangu atendewe.

KIJANA: Hapo umesema neno zito, Mwalimu. Ila binti yako aliomba viza, akapimwa kifua kikuu, akalipa ada, na mkataba wake ukiisha anaweza kuambiwa aondoke. Mzee hapa hamna anayemhesabia siku. Mwenye nafasi kubwa zaidi ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kuuliza.

MWALIMU: Na wewe? Unamwitaje?

KIJANA: Namwita mzee.

MWALIMU: Jina lake?

KIJANA: ... Mtaani wote wanamwita Mzungu.

MWINGEREZA: Watoto wanaokoroga pudini wananiita hivyo pia. Sijawahi kuwakatalia. Labda ningewaambia.

MWALIMU: Ungewaambia. Mtu akikaa mahali miaka mingi akaitwa Mzungu na akanyamaza, ameridhika kubaki mgeni. Na sisi tuliomwita hivyo tumeridhika pia. Majina yanadaiwa pande zote mbili, Kijana.

Nimelipokea hilo, maana linagusa tabia yetu. Huwa tunampa mgeni chai, kiti kizuri na mahali pa mbele kanisani, tukadhani tumemaliza. Kumpeleka mgeni mlimani siku ya Krismasi, akaketi na ukoo, akaelezwa nani ni mtoto wa nani, ni ukarimu wa aina nyingine, nao unachosha zaidi. Mzee huyu aliwahi kualikwa Wundanyi. Alipofika juu akakuta ukungu na baridi, akasema kwa furaha kwamba ni kama kwao. Hakuna aliyemweleza kwamba mlima ule nao una historia ya watu kuondoka na kurudi. Alifurahia hewa, akala, akarudishwa Voi jioni.

Wala sitaki shukrani yake igeuzwe kuwa kesi. Kaunti hii ya Taita Taveta ina watu 340,671 kwa sensa ya 2019, na asilimia 62 hivi ya ardhi yake ni Tsavo Mashariki na Magharibi. Mkulima wa Sagalla anayekesha Desemba kulinda mahindi yake dhidi ya ndovu, akiwa na mizinga ya nyuki kwenye uzio wake ili kuwafukuza, hana haja ya kuona mzee mmoja wa miaka sabini na kitu akifedheheshwa mbele ya sahani yake. Haja yake ni kwamba mzee huyo, anaposifu ndovu wekundu na nchi pana, ajue pia shamba la nani limekanyagwa wiki hiyo, na amtaje.

MWINGEREZA: Basi mwaka huu nitasema kwa majina. Nimeshaanza kuyaandika. Na habari ya Kasigau ningependa kuisikia kutoka kwa anayeijua.

MWALIMU: Lakini isiwe mezani siku yenyewe. Watoto watakuwepo, na watu wametoka mbali.

KIJANA: Kila mwaka tunaambiwa isiwe mezani. Basi lini?

MWALIMU: Tarehe 26. Mlete bibi yako kwangu, nitapika.

KIJANA: Bibi hapandi tena gari. Anakaribia miaka tisini.

MWINGEREZA: Nitashuka mimi Rukanga. Gari langu litafika?

KIJANA: Kutoka Maungu ni vumbi, lakini litafika. Nitakaa nawe mbele nikuonyeshe. Ila ukifika, mzee, usianze na asante. Anza kwa kumuuliza jina la mama yake.

MWINGEREZA: Mama yake aliitwa nani?

KIJANA: Huyo atakutajia mwenyewe.